Gramu 25 za mawe ya chokaa hutoa gramu ngapi za chokaa? Uzi wa kukokotoa tungamo la zao kutoka kwenye mlinganyo

#1 Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Wiki iliyopita mpwa wangu aliye kidato cha tatu alinijia na daftari lake, uso umemshuka. Swali lenyewe lilikuwa la mistari miwili: gramu 25 za kalsiamu kaboneti (ndiyo mawe ya chokaa) zimechomwa hadi zote zikavunjika, kokotoa tungamo la kalsiamu oksaidi (ndiyo chokaa) iliyopatikana. Yeye alikuwa ameandika gramu 25, na amekosa. Nilipomuuliza alifikaje hapo, hakusita. Alinionyesha mlinganyo,

CaCO₃ → CaO + CO₂

akaniambia, “Mjomba, umeshasawazishwa. Mbele hakuna namba yoyote, maana yake moja inatoa moja. Sasa zikiingia 25, si zitoke 25?”

Ukiipima hoja hiyo utaona si ya mtoto mvivu. Ameusoma mlinganyo vizuri, ila ameutaka useme jambo ambalo hausemi. Nimeileta hapa kwa sababu kosa hilohilo nimelikuta kwa watu wazima wenye vyeti vyao, na kwa sababu mfano wenyewe sisi wa pwani tunao nyumbani, kwenye tanuri la chokaa.

Mlinganyo wa kikemia huhesabu vipande, haupimi uzito. Waliowahi kushughulika na miti ya mikoko wanaijua korija, yaani miti 20. Korija moja ya boriti na korija moja ya fito zina idadi ileile ya miti, lakini hakuna mchukuzi atakayekubali ujira mmoja kwa mizigo hiyo miwili. Moli ndiyo korija ya wanakemia: ni idadi tu, tena idadi kubwa mno kwa kuwa vipande vyenyewe ni vidogo mno. Tangu tarehe 20 Mei 2019 idadi hiyo imewekwa rasmi kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili, ingawa kwa hesabu za kidato cha tatu hatuihitaji hata mara moja. Tunachohitaji ni kujua korija moja ya kila kitu ina uzito gani, na hilo linapatikana kwenye jedwali la elementi: kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni 16.

Basi moli moja ya CaCO₃ ni 40 + 12 + (3 × 16), yaani gramu 100. Moli moja ya CaO ni 40 + 16, yaani gramu 56. Moli moja ya hewa ya ukaa, yaani CO₂, ni 12 + 32, yaani gramu 44. Mlinganyo unasema moli moja inatoa moli moja, na hapo mpwa wangu yuko sahihi kabisa. Alichosahau ni kwamba moli iliyoingia ilikuwa boriti na moli iliyobaki ni fito.

Gramu 25 ÷ 100 ni moli 0.25 za jiwe. Kwa kuwa moja inatoa moja, tunapata moli 0.25 za chokaa. Moli 0.25 × 56 ni gramu 14. Hilo ndilo jibu. Gramu 11 zilizopungua ni moli 0.25 × 44 za hewa ya ukaa, na ukijumlisha 14 na 11 unarudi kwenye 25 zako. Nilimwambia asifunge daftari kabla ya kufanya jumla hiyo, kwa maana ni ukaguzi wa bure.

Aliniuliza gramu 11 za hewa zinaonekanaje. Moli moja ya gesi yoyote, katika joto la kawaida la chumbani, hujaza takriban lita 24, kwa hiyo moli 0.25 ni kama lita 6. Nilimpangia mezani chupa sita za maji za lita moja, tupu, nikamwambia hizo ndizo gramu zake zilizopotea. Hapo alicheka, na nadhani ndipo alipoelewa.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

#2 Mchangiaji, mwanafunzi

Shikamoo mwalimu, na asante kwa maelezo. Naomba kuuliza: kwa nini tuzunguke hadi kwenye moli na kurudi? Mimi naona 56 juu ya 100 ikizidishwa na 25 inatoa 14 hiyohiyo, kwa mstari mmoja.

#3 Mleta uzi

Marahaba. Inatoa, wala hujakosea. Safari ya kupita kwenye moli imejificha ndani ya hiyo sehemu yako ya 56 juu ya 100. Ninachohofia ni kwamba mtu akizoea njia ya mkato kwenye mlinganyo usio na namba mbele, siku atakapokutana na ule wenye namba ataiweka mahali pasipo pake au ataisahau kabisa. Mfano huu wa chokaa ni mwepesi kiasi cha kudanganya. Akipatikana mtu wa kutuletea mlinganyo wenye 2 na 3 tutaona tofauti.

#4 Mchangiaji, fundi ujenzi

Nawasalimu. Mimi si mtu wa kemia, nilianza kazi nikiwa kijana kwenye matanuri ya chokaa upande wa Tanga, ambako mawe ya chokaa hayana shida, kwani hata mapango ya Amboni yamo ndani ya mawe hayohayo. Nimesoma hesabu ya mwalimu nikaipeleka kwenye tani moja, na kwa hesabu hiyo kilo 1,000 za mawe zinapaswa kutoa kilo 560 za chokaa. Kwa uzoefu wangu hatujawahi kushuka hadi hapo. Tukipakua tanuri tunapata zaidi ya 600, na wakati mwingine hata 650. Je, kitabu kimekosea au sisi ndio tulikuwa na mizani mbovu?

Nitaongeza jambo moja ambalo linakubaliana na maelezo ya juu. Jiwe lililoiva unalijua kwa mkono kabla ya jicho. Unaliokota ukitarajia uzito wa jiwe, mkono unapanda wenyewe juu kwa wepesi. Umbo ni lilelile na ukubwa karibu ni uleule, ila ndani limekuwa kama limetobolewa. Ukiligonga na jingine halilii kama jiwe, linalia kama kigae. Ukilinyunyizia maji linapiga kelele, linatoa mvuke, kisha linapasuka na kuwa unga. Lisilofanya hivyo linarudishwa motoni.

#5 Mleta uzi

Fundi, umeuleta uzi huu mahali nilipotaka ufike, na kwa maelezo hayo ya mkono kupanda wenyewe nakushukuru mara mbili, kwa sababu kinachoufanya mkono upande ni hizo sehemu 44 za kila 100 zilizotoka kama hewa huku umbo la jiwe likibaki.

Sasa kuhusu zile kilo 600 na zaidi. Kitabu hakijakosea na huenda mizani yenu ilikuwa nzima. Kitabu kinazungumza juu ya kalsiamu kaboneti tupu iliyoungua yote; ninyi mlikuwa na jiwe la ardhini, lenye mchanga na udongo ndani yake, na tanuri ambalo haliivishi kila kitu. Tuhesabu moja moja.

Tuchukue mfano kwamba jiwe lenu lina kaboneti asilimia 90, na kilo 100 zinazobaki katika kila tani ni mchanga na udongo ambao moto wa tanuri haupunguzi. Kinachoingia kwenye mlinganyo ni kilo 900 tu. Hizo ni moli 9,000, kwa maana kila moli ni gramu 100. Zinatoa moli 9,000 za chokaa, ambazo ni kilo 504, na moli 9,000 za hewa ya ukaa, ambazo ni kilo 396. Lakini mnapopakua tanuri hamtenganishi chokaa na mchanga. Vyote vinapanda mizani pamoja, na mizani inasoma 604. Mnaona jambo la ajabu lilivyotokea: jiwe baya zaidi limetoa mzigo mzito zaidi wenye chokaa kidogo zaidi.

Halafu kuna mawe yasiyoiva. Tuseme katika hizo kilo 900 zimeungua asilimia 85, yaani kilo 765. Chokaa ni 765 × 0.56, sawa na kilo 428.4. Kaboneti mbichi iliyobaki ni kilo 135. Mchanga na udongo ni 100. Jumla juu ya mizani ni kilo 663.4, na mnunuzi asiyejua atafikiri amepata bahati kumbe amenunua kilo 235 za kitu ambacho hakitazimika kamwe, yaani hakitapasuka kuwa unga kikitiwa maji.

Kwa hiyo, fundi, mizani ikisoma 650 kwa tani moja ya mawe, kemia haikuambii kuwa umepata chokaa nyingi. Inakuambia kuwa hewa iliyotoka ni kilo 350 badala ya 440. Na hapo ndipo hesabu inapogeuka kuwa chombo: ukigawa uzito uliopotea kwa 0.44 unapata ni kilo ngapi za kaboneti zilizoungua kweli. Kilo 350 ÷ 0.44 ni takriban 795. Kinachopotea ndicho kinachosema ukweli kuliko kinachobaki, kwa kuwa kilichopotea ni kitu kimoja tu, na kilichobaki ni mchanganyiko.

#6 Mchangiaji, fundi ujenzi

Nimekuelewa vizuri sana, na sasa naelewa kwa nini mzee mmoja tuliyekuwa tukifanya naye kazi alikuwa akipasua mawe makubwa katikati kabla ya kuyauza. Ndani alikuwa akikuta kiini kibichi, chenye rangi ya jiwe la kawaida, kimezungukwa na ganda jeupe. Sisi vijana tulidhani ni ushirikina wake tu.

Nilipata nafasi ya kujaribu. Jirani yangu anachoma kidogo kwa ajili ya kupaka nyumba yake. Nilichukua jiwe moja la kilo 2.5, nikalifunga waya ili nisilipoteze, nikaliweka katikati ya moto. Baada ya kupoa nimelipima, ni kilo 1.6. Kwa hesabu yako, limepoteza 0.9, 0.9 ÷ 0.44 ni 2.05, na 2.05 katika 2.5 ni kama asilimia 82. Basi kama jiwe lilikuwa safi, limeiva asilimia 82. Je, nimepatia?

#7 Mchangiaji, wa maabara

Naomba niingilie kabla mleta uzi hajatoa alama. Hesabu ya fundi haina kasoro, ila kipimo cha kwanza kina mashaka. Jiwe lilikuwa kavu? Msimu huu wa mvua jiwe lililolala nje hunywa maji, na maji hayo hutoka motoni mapema kabisa, wakati kaboneti yenyewe haivunjiki kwa kasi hadi joto lifike karibu nyuzi 900 za selsiasi. Mizani haibagui gramu ya mvuke na gramu ya hewa ya ukaa.

Tuchukulie katika kilo 2.5 kulikuwa na gramu 100 za maji ya mvua. Jiwe kavu basi lilikuwa kilo 2.4, na hewa ya ukaa iliyotoka ni kilo 0.8 wala si 0.9. Ukigawa 0.8 kwa 0.44 unapata 1.82, na 1.82 katika 2.4 ni karibu asilimia 76. Gramu mia moja za maji zimempa fundi alama sita asizostahili. Maabara hatupimi sampuli yoyote ya namna hii kabla ya kuikausha na kuipima, kuirudisha kwenye joto, na kuipima tena hadi uzito ukome kubadilika.

Nikiongeza kidogo nje ya swali: kazi hii ya kupima kilichopotea ina heshima ya zamani. Katika miaka ya 1750 Joseph Black, aliyekuwa akisomea utabibu huko Scotland, alipima magnesia (kaboneti ya magnesiamu) na mawe ya chokaa kabla na baada ya kuvichoma, akatambua kwamba uzito uliopungua ulikuwa wa hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Alifanya hivyo wakati moli haijabuniwa wala mlinganyo wa aina tunayoiandika haujakuwapo. Alikuwa na mizani na subira.

#8 Mleta uzi

Nimekubali sahihisho bila ubishi, na nilipaswa kulisema mwenyewe kwenye #5. Ile kanuni yangu ya “kilichopotea ni kitu kimoja tu” inasimama pale jiwe linapokuwa kavu. Fundi, jaribio lako ni zuri sana. Rudia kwa jiwe lililokaa juani siku kadhaa, kisha utuletee majibu.

#9 Mchangiaji kutoka Kenya

Hamjambo nyote. Mwalimu aliomba mlinganyo wenye 2 na 3, nami ninao wa hapa kwetu. Ziwa Magadi lina ukoko mweupe wa madini ya trona, ambayo fomula yake tunaiandika Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Kiwandani huchomwa ili kupata magadi makavu, yaani sodiamu kaboneti, ambayo hutumika zaidi katika kutengeneza glasi na sabuni za unga. Mlinganyo wake uliosawazishwa ni

2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + CO₂ + 5H₂O

Mwanafunzi wa #2 akisoma kwa macho ya mpwa wa mwalimu, atasema mbili zinatoa tatu, kwa hiyo tani mbili za trona zinatoa tani tatu za sodiamu kaboneti. Nauliza, tani ya ziada imetoka wapi, tena baada ya mvuke na hewa kuondoka? Huo ndio uzuri wa mfano huu: kosa ambalo kwenye chokaa linajificha, hapa linajifichua lenyewe.

Masi ya moli moja ya trona ni 106 ya kaboneti, 84 ya baikaboneti na 36 ya maji, jumla gramu 226. Mbili ni 452. Upande wa pili, tatu za 106 ni 318, hewa ya ukaa ni 44, na maji ni tano za 18, yaani 90. Jumlisha uone: 318 na 44 na 90 ni 452. Kwa hiyo tani moja ya trona safi na kavu inatoa 318 ÷ 452, takriban kilo 704 za sodiamu kaboneti.

#10 Mchangiaji, mwanafunzi

Nimejaribu hii ya Magadi kwa njia yangu ya mkato, nikaandika 106 ÷ 226 na kupata kilo 469. Baada ya kusoma jibu la 704 nimegundua nimeziacha zile 2 na 3. Nimekoma, nitapita kwenye moli.

Lakini nina swali jingine. Mpaka sasa kila mfano ni wa kitu kimoja kinachovunjika. Je, vikiwa viwili vinavyoungana? Nimeona swali linalosema kilo 10 za kalsiamu oksaidi zimezimwa kwa lita 2 za maji, tafuta tungamo la kalsiamu hidroksaidi. Nianze na kipi? Nikianza na chokaa napata jibu moja, nikianza na maji napata jingine.

#11 Mleta uzi

Kijana, kupata majibu mawili si kosa lako. Ndiyo swali lenyewe linavyokuambia kwamba kitu kimoja hakitoshi. Mlinganyo ni

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

na moli zake ni 56, 18 na 74. Kilo 10 za chokaa ni gramu 10,000 ÷ 56, karibu moli 179. Lita 2 za maji ni gramu 2,000 ÷ 18, karibu moli 111. Kila moli ya chokaa inadai moli moja ya maji. Maji ni 111 tu, chokaa 179; maji yatakwisha na chokaa nyingine itabaki inasubiri. Ni kama kupika chapati ukiwa na unga wa chapati ishirini na mafuta ya kumi na mbili. Kinachokwisha kwanza ndicho kinachoamua, na hesabu yote ya zao inafuata hicho. Moli 111.1 × 74 ni takriban kilo 8.22 za kalsiamu hidroksaidi. Chokaa iliyotumika ni 111.1 × 56, yaani kilo 6.22, na kilo 3.78 zimebaki hai, yaani hazijazimwa. Kagua: 8.22 na 3.78 ni 12.00, na vilivyoingia ni kilo 10 za chokaa na kilo 2 za maji.

Tahadhari kwamba umechukua kiasi cha maji kwa lita na ukakigeuza gramu kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja. Usifanye hivyo kwa mafuta ya taa wala kwa asidi, maana lita zake si kilo.

Fundi atatuambia kwamba hakuna anayezima kilo 10 za chokaa kwa lita 2 za maji, naye atakuwa na haki. Kuzimika huko hutoa joto kali kiasi cha kuchemsha maji, na sehemu yake hutoka kama mvuke kabla haijashika chokaa. Kilo 10 zinahitaji kwa mlinganyo lita 3.2 tu, lakini anayezima humimina zaidi ya hapo kwa mbali.

#12 Mchangiaji, fundi ujenzi

Mwalimu amesema kweli. Sisi tulikuwa tukijaza shimo maji kwanza, kisha tunatia chokaa kidogo kidogo na kukoroga kwa mti mrefu. Ukifanya kinyume, ukamwaga maji machache juu ya lundo, linaruka. Nimemwona mtu akikaa miezi na jicho bovu kwa tone moja. Vijana mnaosoma uzi huu msijaribu nyumbani kwa sababu tu hesabu imekaa vizuri kwenye daftari.

#13 Mchangiaji, msomaji wa Kiswahili

Nimefurahia uzi lakini naona maneno matatu kwa kitu kimoja: tungamo, masi na uzito. Tukubaliane.

#14 Mleta uzi

Tungamo na masi ni jambo moja, na mtu achague alilofundishwa. Uzito kwa fizikia ni kitu kingine, ni nguvu ambayo kwayo dunia hukivuta kitu, nao hupimwa kwa nyutoni. Nimeandika “uzito” mahali pengi humu kwa sababu ndivyo tusemavyo mbele ya mizani, na hakuna muuza nyama anayekata tungamo la kilo moja. Kwenye karatasi ya mtihani andika tungamo.

#15 Mchangiaji, wa maabara

Kabla uzi haujalala, kuna mlinganyo wa tatu ambao bila huo hadithi ya chokaa inabaki nusu. Chokaa iliyozimwa ikipakwa ukutani hunyonya hewa ya ukaa kutoka hewani na kurudi kuwa kaboneti:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Ndiyo sababu kuta za Kilwa Kisiwani na za Mji Mkongwe, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zina viungo vilivyogeuka kuwa jiwe. Mpwa wa mleta uzi apewe kazi hii: aanze na ile tani ya mawe ya #5, yenye kaboneti asilimia 90, achukulie kila kitu kimeiva na kuzimika chote, kisha atuambie ukutani kutakuwa na kilo ngapi za kaboneti.

#16 Mleta uzi

Kazi amepewa jana jioni, ameifanya mbele yangu bila kusaidiwa. Naiandika kama alivyoiandika.

Kilo 900 za kaboneti ni moli 9,000. Chokaa hai ni kilo 504. Maji yaliyoingia wakati wa kuzima ni 9,000 × 18, kilo 162. Chokaa iliyozimwa ni 9,000 × 74, kilo 666, na amekagua kwamba 504 na 162 ni 666. Hewa ya ukaa iliyonyonywa ni 9,000 × 44, kilo 396, ambayo mwenyewe ameizungushia duara kwa sababu ni ileile namba iliyotoka tanurini. Kaboneti ukutani ni 9,000 × 100, kilo 900, na maji yanayotoka ukutani ni kilo 162, yaleyale yaliyotiwa shimoni.

Nilimweleza kwamba ukuta mnene haumalizi kazi hiyo kwa mwaka mmoja wala miwili, kwa kuwa hewa huingia polepole kutoka nje kwenda ndani, na kiini cha ukuta huchelewa kama kiini cha jiwe lililo tanurini. Alisikiliza, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza zile kilo 100 za mchanga na udongo ziko wapi. Nikamwambia zimo humohumo ukutani, hazijaenda popote. Akachukua kalamu na kuongeza mstari wa mwisho chini ya hesabu yake: 900 + 100 = 1,000.